Miaka Thelathini na Tisa ya Kuomba Lifti: Attracta Kilbane Anatuaga

Ijumaa ya tarehe 27 Juni, chai ya saa kumi ikishanywewa na vikombe vikishaoshwa, Attracta Kilbane atastaafu kutoka Ofisi ya Usafiri wa Anga baada ya utumishi wa miaka thelathini na tisa. Vikombe ataviosha mwenyewe. Hajawahi kumwamini mtu mwingine kwa kazi hiyo, na hatuoni dalili kwamba ataanza siku ya mwisho.

Kwa wale waliojiunga na kambi hivi karibuni na wanaomjua Attracta kama yule mama wa simu, maelezo machache. Ayalandi ina askari wanaolinda amani katika pembe nyingi za dunia, na imekuwa nao tangu babu zetu wakiwa vijana. Ndege kubwa ya kuwapeleka huko haina. Tunazo ndege ndogo nzuri za kutazama bahari na kuwatia hofu wezi wa samaki. Lakini ile ndege yenye tumbo, ile ambayo mlango wake wa nyuma hushuka kama ulimi na lori likaingia humo bila kuinama, hatujawahi kuwa nayo. Kwa hiyo kila askari wetu aliyekwenda mbali amekwenda ndani ya ndege ya mtu mwingine, na huyo mtu mwingine alitafutwa na Attracta. Sisi ni jeshi linalosafiri kwa lifti, na yeye ndiye aliyesimama kando ya barabara miaka yote hii na kunyoosha kidole gumba.

Alifika hapa kutoka Leitrim, ambako ardhi ni nusu maji na nusu matumaini, kumshikia nafasi kwa miezi michache mwanamke aliyekwenda kujifungua. Mwanamke huyo akajifungua mapacha na hakuonekana tena. Pacha mmoja sasa ni daktari wa meno wa kambi hii. Kila Attracta anapokwenda kung'olewa jino humwambia, "Usinionee huruma, kijana, wewe ndiye uliyeniajiri."

Mkubwa wake wa kwanza alimpa kiti, simu, na wosia mmoja: asiombe. Kwetu mtu mzima haombi. Mtu mzima hutaja jambo, halafu hutazama dirishani. Attracta alikuwa amelelewa hivyo tangu utotoni, kwa hiyo hakuhitaji mafunzo. Waliokaa naye chumba kimoja wanaweza kuigiza simu zake kwa sauti. Alianza kwa kumuuliza kanali wa Kireno habari za mama yake na goti lake. Akaenda kwenye mvua, yetu na yao. Ndipo, akiwa kama mtu anayetafuta miwani, alisema:

"Basi, tuna vijana kama arobaini hivi, wanatakiwa wawe Lebanon Jumanne. Sijui hata watafikaje, maskini. Lakini usijali, bwana, hayo ni ya kwetu."

"Attracta, sisi tunapita huko huko."

"Usiniambie."

"Jumanne yenyewe."

"Hapana, bwana, tutawabana. Mna mizigo yenu."

"Attracta, waleteni hao vijana."

"Haya, kama kweli hamtasumbuka."

Na vijana walikwenda. Walikwenda Lebanon, walikwenda Chad, walikwenda kwenye vilima na majangwa ambayo majina yake tulijifunza kuyatamka wakiwa tayari wamesharudi. Kila Krismasi kutoka ofisi ile zilitoka keki nzito za zabibu kavu kwenda Lisbon, Paris na Helsinki. Afisa mmoja wa Kifini alituambia alipotutembelea kwamba hakuwa na uhakika kama zile ni chakula au ni vifaa, lakini amezitunza zote.

Haiwezekani kumwandika Attracta bila kuiandika ile ndege ambayo hatukuwa nayo.

Nyuma ya banda kubwa kuna uwanja wa saruji ambao haujawahi kupewa kazi. Majani madogo yanaota kwenye nyufa zake, na sungura wa porini hukaa pale asubuhi kama wanangoja kuitwa majina. Kila saa ya chakula cha mchana, jua au manyunyu, Attracta alikwenda kutembea pale na sandwichi yake. Mwanzo alikwenda peke yake. Baadaye watu wa ofisi wakaanza kumfuata, na sijui nani alikuwa wa kwanza kukubali kwamba wote tulikuwa tunazunguka kitu kimoja. Tulikuwa tunapita pembeni ya mabawa yake. Hakuna aliyekatiza katikati.

Tulimpa jina la Mnene. Mnene alikuwa ndege ya nchi, yetu wenyewe, ya rangi ya kijivu kama anga la kwetu kiasi kwamba angeruka usingemwona, ungesikia tu kahawa ikitetemeka kikombeni. Mwaka hadi mwaka tulimpamba. Fundi mmoja aliomba birika la maji ya moto liwe mbele, upande wa kulia, mbali na mafuta. Marubani waliomba viti ambavyo havijakaliwa na rubani wa taifa jingine. Padri wa kambi, ambaye alikuwa amesindikiza majeneza mawili ya vijana wetu katika ndege za wenyewe, katikati ya matairi na maboksi ya maziwa, aliomba mahali ambapo jeneza linaweza kulala bila kitu kingine juu yake wala ubavuni. Hatukujadili. Tulimpa hapo hapo. Ndege isiyokuwepo haina shida ya nafasi.

Asubuhi za Oktoba, ukungu unapokuja kutoka vilimani na kulala juu ya saruji ile, mtu akisimama mlangoni mwa ofisi na asifikirie sana, huona kivuli kipana kuliko banda. Wageni wakiuliza ni nini, husemwa ni ukungu. Hiyo ndiyo tabia ya mjadala wenyewe katika nchi hii. Tatizo likitokea mbali, Bunge zima huiona ndege; inaonekana mpaka misumari yake. Tatizo likiisha, jua linachomoza, na pale uwanjani kuna sungura.

Lazima isemwe kwamba si wote waliomtaka Mnene. Sajenti Fergal Hanafin, mkuu wa wapakiaji, alimpinga kwa miaka ishirini katika meza ile ile ya bwalo, mbele ya sahani ile ile ya nyama ya nguruwe na kabichi, na alimpinga kwa hoja nzuri kuliko nyingi zilizosemwa na watu wenye tai.

"Ndege ya namna hiyo ni farasi wa mbio, Attracta. Anakula siku anayokimbia na anakula siku anayolala. Na wa kwetu atalala sana."

"Atakimbia akiitwa."

"Na nani atamtunza? Fundi nikimfundisha vizuri, wiki ya pili amenunuliwa na kampuni ya ndege za watalii. Nitabaki mimi na kitambaa cha kufutia vioo."

"Utafuta vizuri, Fergal. Nakuamini."

"Na sisi hatuna upande, mama. Hatuna vita na mtu. Nunua lori uone, kila jirani atakuwa anahama nyumba. Mataifa makubwa yatakuja na makombora yao, yakwambie ni viazi, tubebeeni."

"Basi utafungua boksi utazame kama ni viazi. Si ndiyo kazi yako?"

Hapo Hanafin aliitazama kabichi yake kama aliyesalitiwa, na mjadala uliahirishwa hadi kesho. Walikuwa wanapendana sana, hao wawili, kwa namna ambayo ilihitaji meza katikati.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo magazeti yaliliandika sana na kwa makosa.

Miaka mitatu iliyopita vita vilizuka ghafla katika mji mmoja wa jangwani, na wananchi wetu kumi na mmoja walikuwa humo. Wauguzi, walimu, mchimba visima anayeitwa Colm Deasy, na Sista Malachy, mtawa mwenye umri wa miaka themanini na moja aliyekuwa ameishi huko muda mrefu hadi akasahau kuogopa. Waliambiwa wafike kwenye uwanja wa zamani wa ndege, mfuko mmoja kila mtu, wangoje. Attracta alishika simu. Wafaransa walikuwa wamejaa. Wareno walikuwa mbali. Mchana ule simu yake ikalia yenyewe, jambo la nadra. Alikuwa Meja Joost Terpstra wa Uholanzi, mgeni kwenye kiti chake, hajamaliza hata wiki ya pili. Mtangulizi wake alikuwa ameoa huku kwetu, Galway, na alijua mila zetu.

"Attracta Kilbane? Ndege yetu inatua huko muda si mrefu. Nina viti kumi na viwili vitupu. Unavitaka?"

Ninawaomba wasomaji wa hapa nyumbani wajiulize kwa uaminifu wangejibu nini. Ukiingia nyumba ya mtu ukaulizwa chai, unasema hapana, ndiyo kwanza nimetoka kunywa. Ukiulizwa tena, unasema usijisumbue. Mara ya tatu unasema haya, tone tu, maadamu unachemsha. Wote wawili mnajua tangu mlangoni kwamba chai itanywewa. Asiyekataa ni mlafi, na asiyerudia kuuliza ni bahili. Attracta alikuwa ameomba kwa miaka thelathini na sita kwa njia hiyo na haikuwahi kumwangusha.

"Ah, hapana, Joost," akasema. "Msijisumbue. Mna watu wenu. Tutajibana mahali."

"Sawa," akasema Terpstra. "Basi nitapakia mizigo." Akakata simu, kwa sababu ni mtu mwema na alikuwa na haraka na alikuwa ameuliza swali na kupewa jibu.

Attracta alibaki na simu sikioni akingoja aulizwe tena. Waliokuwa chumbani wanasema uso wake ulikuwa mtulivu kabisa, kama wa mtu aliyekaa kituo cha basi anachokijua. Halafu utulivu ule ukaanza kuondoka kidogo kidogo. Alipopiga simu, Terpstra alikuwa ametoka. Alipopatikana, ndege ilikuwa imeshageuza pua.

Kumi na mmoja wale walisimama pembeni ya uwanja na kuutazama mlango ule mpana ukipanda polepole juu ya magunia yaliyokaa penye nafasi ya watu. Kisha wakarudi walikotoka, kwenye handaki chini ya shule, na mizinga ikaanza. Wafaransa ndio waliowachukua, baada ya wiki. Wote walirudi hai. Colm Deasy alirudi na mguu ambao haujakunjika vizuri tangu siku hizo.

Magazeti yalisema: wameachwa kwa sababu hatuna ndege. Ilikuwa sentensi nzuri, fupi, na nchi nzima iliielewa. Attracta hakuificha ile nyingine, ile ya viti alivyovikataa. Siku magazeti yalipotoka aliingia kwa Kanali Devane, mkuu wetu, akamweleza neno kwa neno. Kanali Devane ni muungwana, na amemtaka Mnene kuliko mtu yeyote aliyevaa nyota. Alimwekea kiti, akafunga mlango.

"Hilo lisitoke nje ya chumba hiki, Attracta," akasema. "Miaka yote hii watu wanauliza kwa nini hatuna ndege kama wanauliza habari za mvua. Leo wanauliza kwa hasira. Waache waulize."

Aliwaacha waulize. Lakini tangu hapo, mchana, alipozunguka saruji ile, alizunguka kwa mbali zaidi.

Meja Terpstra alikuja mwenyewe, kiangazi kile, akiwa na jibini kubwa kama gurudumu. Alikaa mbele ya meza ya Attracta na miguu yake mirefu, amehuzunika kwa dhati.

"Ulisema hapana," akamwambia.

"Nilisema hapana."

"Hapana ya kwenu maana yake nini?"

"Inategemea ni ya ngapi," akasema Attracta, na akamkatia keki bila kumuuliza.

Sista Malachy naye alikuja, akiwa ameshausikia ukweli kwa Terpstra. Aliingia ofisini na fimbo, akaulizwa kama atakunywa chai, na kabla swali halijaisha alishajibu: ndiyo, na maziwa, na hiyo keki pale, kile kipande cha mwisho ambacho kwetu mgeni hakigusi. Chumba kizima kilitazama chini. Alikula chote. Halafu akamshika Attracta mkono na kusema bila ukali wowote, "Ulikataa kwa niaba yangu, mwanangu, na mimi sikuwa nimeshiba." Wakaanza kuzungumza habari za Leitrim, kwa sababu ilibainika kwamba mtawa huyo alimjua shangazi wa Attracta.

Mwaka huu, baada ya kusukumwa na kusukumwa, kamati ya Bunge ilikaa kuamua kama ipendekeze ndege inunuliwe. Waliitwa majenerali, waliitwa wachumi, na akaitwa Attracta, kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye kila safari. Kila mtu hapa alijua kilichokuwa mezani. Wajumbe walikuwa wamegawanyika nusu kwa nusu. Sentensi ile ya magazeti ndiyo iliyokuwa imebeba ndege nzima, na shahidi pekee aliyeweza kuivunja alikuwa anavaa koti lake la kijani kwenda kuhojiwa.

Niliendesha gari mimi. Kanali Devane alikaa nyuma pamoja naye.

"Hawatakuuliza kama viti vilikuwepo," akasema Kanali. "Jibu ulichoulizwa tu."

"Ndiyo, Kanali."

"Ukiulizwa kama tunahitaji ndege, sema ndiyo, ukae."

"Wale ng'ombe wananenepa," akasema Attracta, akitazama dirishani. Kanali akanitazama kupitia kioo changu kama anayeomba msaada. Mimi nilikuwa na barabara ya kuangalia.

Kule kambini, bwaloni, runinga iliwashwa na viazi vikaachwa vipoe. Mwenyekiti wa kamati, mheshimiwa Lorcan Tuohy, ni mtu wa adabu mwenye sauti ya kutangaza vifo. Alimshukuru kwa kuja. Akasema:

"Bi Kilbane, watu wetu kumi na mmoja waliachwa kwenye uwanja ule kwa sababu hatukuwa na ndege yetu. Je, nchi hii inunue yake?"

Ilitosha aseme ndiyo. Swali lilikuwa limetandikwa kama kitanda.

"Samahani, mheshimiwa," akasema Attracta. "Hawakuachwa kwa sababu hiyo. Viti vilikuwepo. Nilivikataa mimi."

Kanali Devane alifumba macho. Attracta akaeleza yote: Terpstra, simu, msijisumbue, na jinsi alivyongoja. Alieleza kama mtu anayeelekeza njia ya posta. Alipofika pale alipobaki na simu sikioni, ukumbi ulicheka, kicheko kile cha watu waliojiona wenyewe, halafu kikakatika katikati, kwa sababu Colm Deasy alikuwa amekaa safu ya nyuma na mguu wake umenyooka njiani.

Mjumbe mmoja wa upande wa wapinzani wa ndege aliegemea mbele, amefurahi. "Kwa hiyo, Bi Kilbane, hatuhitaji ndege. Tunahitaji kozi ya tabia."

Kule bwaloni Sajenti Hanafin aliweka uma chini. Alikuwa ameshinda hoja ya miaka ishirini, na uso wake haukuonyesha hata kidogo. "Kamzika," akasema. "Kamzika Mnene kwa mikono yake mwenyewe."

Attracta alimtazama yule mjumbe kwa wema. Akasema, na hapa ninayaweka maneno kama yalivyotoka:

"Kozi ingenifaa, ndiyo. Lakini nimejiuliza miaka mitatu kwa nini nilikataa. Nikienda kwa dada yangu, mheshimiwa, sikatai chai. Sisubiri hata kuulizwa, naliendea birika mwenyewe. Kwa sababu Jumapili atakuja kwangu, naye ataliendea la kwangu. Ninakataa kwa watu ambao sina cha kuwarudishia. Nimeomba viti tangu nikiwa msichana. Wareno wametupa, Wafaransa wametupa, Waholanzi, Wafini, na wametupa kwa moyo mweupe. Katika muda wote huo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kunipigia simu kuniomba mimi. Waniombe nini? Mtu aliyekaa hivyo muda mrefu, siku akiletewa kiti mkononi, cha kwanza kumtoka mdomoni ni msijisumbue. Ni aibu, mheshimiwa, imevaa nguo za adabu. Na mguu wa Colm ndio ulioilipia."

Akanywa maji kidogo.

"Nunueni moja. Tutaendelea kuomba, moja haitoshi kitu. Nunueni ili na sisi tuombwe."

"Na siku zote zile ambazo haitaruka?" akauliza mjumbe yule, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Itakaa. Nyumba zote za Leitrim zina kitanda cha wageni. Sijamsikia mtu akilalamika kwamba jana usiku hakikulaliwa."

Kule bwaloni ilisikika friji ikinguruma. Hanafin aliinuka, akapeleka sahani yake dirishani bila kumaliza kabichi, na ni hilo tu lililoonekana kwake.

Kwenye gari, njia nzima, Kanali Devane alitazama dirishani mpaka tulipowapita wale ng'ombe. "Kweli wananenepa," akasema.

Kamati ilipiga kura, na ndege ikapita kwa tofauti ndogo. Mwezi uliopita Serikali ilikubali: ndege moja, ya ukubwa wa kati, yenye mlango wa nyuma. Itafika baada ya miaka mitatu kama kiwanda hakitachelewa, na kitachelewa. Hanafin bado hajashawishika, na ametuomba tuandike hivyo. Ametuomba pia, kwa njia ya kutaja na kutazama dirishani, akumbukwe kwa kiti.

Mafundi hawakuweza kungoja. Wamechora umbo lake kwa rangi nyeupe juu ya saruji, ukubwa wake halisi, ili kujifunza namna ya kumwegesha, na sungura wamehamia chini ya bawa la kushoto. Sherehe ya kumuaga Attracta itafanyika ndani ya mchoro huo. Wageni wote wanaombwa waingie kwa mlango wa nyuma na si kupitia ukutani. Chai itakuwa mbele, upande wa kulia. Mahali pa padri patabaki wazi, na hakuna kiti kitakachowekwa hapo.

Kuna jambo moja tu la mwisho, na ni la Jumatatu iliyopita. Ofisi ilikuwa kimya, mvua nyepesi, dirisha wazi. Simu ya Attracta ikalia. Alikuwa Kapteni Zammit wa Malta, mtu ambaye hakuna aliyewahi kusikia jina lake. Alisema amesoma kwamba tunapata ndege. Alisema wao ni kisiwa kidogo na hawana. Alisema kuna wapiga mbizi wake wanne, watakuwa na safari ya mbali siku moja, na alikuwa anajiuliza tu kama, ikifika, kama itakuwa inapita upande ule.

Attracta alisimama. Hatujui kwa nini. Hajawahi kusimama kwa ajili ya simu, hata ya waziri. Alishika ukingo wa meza. Nje, pale kwenye saruji, hapakuwa na kitu ila mistari myeupe na manyunyu, na yeye alikuwa anapatazama kama mtu anayepima kwa jicho.

"Wapiga mbizi wana mizigo mingi," akasema. "Nakuwekea sita, Kapteni. Mama yako hajambo?"

Walizungumza muda mrefu. Alipoweka simu chini alikaa, akatoa leso, akafuta miwani yake ambayo haikuwa na kitu.

Attracta, tulikuja hapa tukiwa watu wa kupokea, na unatuacha tukiwa na mtu anayetutegemea. Kwa safari zote ulizotutafutia, kwa keki zote, na kwa kusema ukweli siku ambayo ungeweza kukaa kimya na kupata ulichokitaka, ofisi nzima inakushukuru. Leitrim ikupokee vizuri, mvua zako ziwe fupi, moto wako ushike mara moja, na siku zako zilizobaki ziwe nyingi na zenye raha. Viti sita vya Malta tutavilinda.